DAWA ITANGULIE ASIDI

Kijana wa Mkotokuyana, katika Wilaya ya Nachingwea, anapokwenda shambani na panga lake hana haja ya kuambiwa kwamba panga hukata. Mama aliyewahi kubangua korosho naye anajua kwamba mafuta ya ganda lake hubabua vidole, na kabla ya kuanza kazi hutafuta kitu cha kupaka mikononi. Maarifa hayo yalipatikana kwa watu waliotangulia kuumia, nao wakawaonya waliowafuata, mpaka onyo likawa desturi.

Lakini iko hatari nyingine ambayo wazee wetu hawakutuachia onyo juu yake, kwa sababu hawakupata kuiona. Hatari hiyo hukaa ndani ya chupa ya plastiki. Haina rangi, na mtu akiitazama haraka huweza kuidhania kuwa ni maji. Jina lake ni asidi ya hidrofloriki. Leo twataka kuwaeleza wanachama na wafanyakazi habari zake, na kusema wazi jambo moja: isifunguliwe hata chupa moja ya asidi hii katika maabara yo yote ya nchi yetu kabla dawa yake haijawekwa mahali pa kufikika kwa mkono, na kabla watu wote wa mahali hapo hawajafundishwa kuitumia.

Huenda msomaji akauliza: mkulima wa korosho na asidi ya maabara, wapi na wapi? Jibu limo katika ardhi yenyewe anayoikanyaga. Ruangwa kuna kinywe, na kuna dhahabu ya Namungo. Nachingwea kuna nikeli katika vilima vya Ntaka. Tangu mwaka 1947, wakati wakoloni walipoleta matrekta ya Mpango wa Karanga, watu wa sehemu hizi wameona wageni wengi wakija kuitafuta mali ya ardhi yao. Safari hii nchi ni yetu, na tangu mwaka 2017 sheria zetu za madini zimetilia mkazo kwamba mali hiyo isafishwe na kuongezwa thamani hapa hapa nchini badala ya kusafirishwa ikiwa mawe matupu. Jambo hilo ni la haki, nasi twaliunga mkono kwa moyo wote.

Lakini kila kazi huja na hatari zake. Kinywe kilichochimbwa na kuchujwa hakifai bado kutengenezea betri za magari ya umeme. Viwanda vya betri hutaka kinywe kilicho safi kwa kiasi cha asilimia 99.95, na ili kukifikisha hapo yapasa kuondoa mabaki ya mchanga na udongo yaliyojificha ndani yake. Ziko njia kadhaa za kufanya hivyo. Njia moja ni ya moto mkali mno, na nyingine ni ya magadi makali. Njia iliyoenea sana, hasa katika viwanda vya China, ni kuyayeyusha mabaki hayo kwa asidi ya hidrofloriki, kwa kuwa ndiyo asidi iwezayo kuuyeyusha mchanga. Tena, kabla ya kiwanda kujengwa hutangulia maabara ya utafiti. Hata nikeli, kama mtu ataka kujua kwa hakika iko kiasi gani ndani ya jiwe, huenda jiwe hilo likasagwa na kuyeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi, na hii ikiwa mojawapo. Kwa hiyo basi, mawe yetu yakienda kupimwa, hata yakipelekwa Dodoma au Dar es Salaam, yaelekea yatakutana na chupa hiyo. Na mtu atakayeishika huenda akawa mtoto wetu tuliyemsomesha.

Asidi hii hutengenezwa kwa kuchanganya asidi ya salfa na jiwe liitwalo fluorspa. Majirani zetu wa Kenya walilichimba jiwe hilo kwa miaka mingi katika Bonde la Kerio. Mswidi Scheele aliichunguza asidi hii mwaka 1771, na kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye wakemia wa Ulaya walijaribu kuitoa ndani yake hewa ya florini. Wengi waliumia. Louyet wa Ubelgiji na Nicklès wa Ufaransa walikufa kwa kazi hiyo. Mwaka 1886 Henri Moissan akafaulu mjini Paris, na miaka 20 baadaye akapewa tuzo ya Nobel. Twayataja majina hayo ili ifahamike kwamba maarifa tuliyo nayo leo juu ya asidi hii yalinunuliwa kwa roho za watu. Bei hiyo imekwisha kulipwa, na hapana sababu ya sisi kuilipa mara ya pili.

Ubaya wa asidi hii hauko katika kuunguza ngozi peke yake. Ndugu zetu wa Arusha na Meru wanajua vema habari za floridi, kwa kuwa maji ya sehemu zao nyingi yana floridi nyingi, na watoto wanaoyanywa huota meno yenye rangi ya kahawia. Kituo cha Ngurdoto kimewafundisha watu kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ina kalsiamu nyingi, ambayo ni madini yaliyo pia ndani ya chokaa, na floridi ikiikuta kalsiamu huishika na kutoachana nayo. Yale yanayotokea ndani ya chujio la Ngurdoto kwa manufaa yetu ndiyo yanayotokea ndani ya mwili wa mtu aliyemwagikiwa asidi hii, kwa maangamizi yake. Floridi hupenya ngozi, huingia katika nyama, hufika mfupani, na njiani huikamata kalsiamu yote inayoikuta. Moyo wa mwanadamu hauwezi kupiga sawasawa bila kalsiamu katika damu. Kwa hiyo mtu huweza kufa kwa moyo kusimama, ilhali kidonda chake ni kidogo. Wako waliokufa kwa kumwagikiwa asidi kali ya namna hii mahali pa mwili pasipozidi viganja vitatu vya mkono.

Tena kuna hila nyingine. Moto ukikugusa utaruka, na asidi ya betri ikikugusa utapiga kelele. Lakini asidi ya hidrofloriki iliyochanganywa na maji mengi huweza kukugusa saa nne asubuhi usihisi kitu, ukamaliza kazi, ukala chakula cha mchana, na maumivu yakaanza jioni ukiwa nyumbani. Ikiwa imepunguzwa nguvu chini ya asilimia 20, maumivu huweza kukawia hata saa 24. Wakati huo floridi imekwisha kufika ndani. Wakemia katika vitabu vyao huiita asidi hii "dhaifu", kwa maana yao ya kitaalamu. Mfanyakazi ye yote asidanganywe na neno hilo.

Twataka kueleza mkasa mmoja uliotokea kweli. Mwaka 1994, katika mji wa Perth huko Australia, fundi mmoja wa maabara alikuwa akifanya kazi peke yake na asidi hii yenye nguvu ya asilimia 70. Alikuwa ameketi. Alivaa glavu za mpira zilizofika kwenye vifundo vya mikono tu, wala hakuwa na aproni ya kuzuia asidi. Asidi ikamwagika mapajani, kiasi kisichozidi mililita 230, yaani pungufu ya glasi moja ya maji. Akajimwagia maji ya mpira mdogo uliokuwapo, kisha akakimbia akajitosa katika bwawa la kuogelea lililokuwa nyuma ya jengo, akakaa humo zaidi ya nusu saa akiungoja msaada. Mahali pale hapakuwa na bafu la dharura, wala hapakuwa na dawa. Baada ya siku 7 madaktari walimkata mguu. Baada ya siku 15 akafa.

Australia ni nchi tajiri, yenye hospitali kubwa na barabara za lami. Mtu yule hakufa kwa umaskini wa nchi yake. Vitu vilivyokosekana vilikuwa vya bei nafuu: aproni, glavu ndefu, bafu, mwenzake wa kumsaidia, na tyubu ya jeli. Kama hayo yaliweza kutokea Perth, kwa nini sisi tujidanganye kwamba hayawezi kutokea kwetu?

Basi yafaa kila mfanyakazi ajue mambo yanayotakiwa. Kwanza ni dawa. Dawa yenyewe ni jeli ya glukoneti ya kalsiamu, yenye nguvu ya asilimia 2.5. Kazi yake ni kuipa floridi kalsiamu nyingine ya kuishika, ili iache ile ya mwili. Jeli hiyo iwekwe ndani ya chumba chenye asidi, isifungiwe katika kabati la mkuu wa idara ambaye ufunguo wake amesafiri nao. Tarehe yake itazamwe, maana jeli iliyokwisha muda haifai kutegemewa.

Pili ni maji. Mtu akimwagikiwa avuliwe nguo mara moja huku akioshwa kwa maji mengi yanayotiririka. Jeli ikiwapo, baada ya dakika 5 za kuosha apakwe na kusuguliwa bila kukoma, na anayempaka awe amevaa glavu, asije akaumia naye. Jeli isipokuwapo, maji yaendelee mpaka msaada ufike. Asidi ikiingia machoni ni maji tu, kwa dakika 15 au zaidi, wala jeli isipakwe humo. Aliyevuta moshi wake atolewe nje penye hewa safi. Na hao wote wapelekwe hospitali upesi, hata kama wasema hawana maumivu.

Tatu ni hospitali yenyewe. Maabara inayotaka kuiweka asidi hii yapasa iwaarifu madaktari walio karibu kabla ya siku ya kwanza ya kazi, ili sindano za kalsiamu na chombo cha kupimia mwendo wa moyo viwe tayari. Daktari asiyeambiwa aina ya asidi atatibu kama anavyotibu moto wa jikoni, na mgonjwa ataweza kumfia mikononi bila yeye kujua sababu. Ikiwa siku moja maabara ya namna hiyo itajengwa Nachingwea au Ruangwa, basi Hospitali za Wilaya hizo mbili ziwe za kwanza kupewa habari.

Nne ni mavazi na mahali. Glavu nyembamba za hospitali hazitoshi. Zinatakiwa glavu nene za neoprini zinazopanda mkononi, na ndani yake glavu nyingine nyembamba, pamoja na miwani, kinga ya uso, aproni ya kuzuia asidi na viatu vilivyofungwa. Kazi ifanyike ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza moshi. Wala mtu asifanye kazi hiyo peke yake, hata awe bingwa namna gani, wala usiku ambapo hakuna wa kumwita.

Tano ni mazoea yanayofaa kuachwa. Watu wengi wamezoea kuweka kemikali katika chupa za glasi. Asidi hii hula glasi, kwa hiyo huwekwa katika plastiki tu, na hata mabaki yake yasitiwe katika chupa ya glasi. Vile vile watu wamezoea kutupa mchanga juu ya kila kitu kilichomwagika. Asidi hii ikikutana na mchanga hutoa hewa ya sumu. Kinachofaa kumwagwa juu yake ni chokaa, tena na mtu aliyevaa kinga zote.

Katika maabara nyingi mazungumzo ya usalama hufanywa baina ya wataalamu, kwa lugha ya kigeni, na maonyo hubandikwa ukutani kwa lugha hiyo hiyo. Lakini ni nani anayeosha vyombo jioni? Ni nani anayefuta meza na kubeba ndoo ya taka? Ni mfanyakazi wa usafi, ambaye aghalabu hakuitwa katika mafunzo, na ambaye akiona matone mezani hudhani ni maji. Yeye ndiye asidi iliyopunguzwa nguvu itakayemgusa bila kumwonya. Akienda nyumbani na kidole kinachomuuma usiku, atapaka mafuta ya nazi na kulala. Twasema kwamba maabara ambayo mfagiaji wake hajui jina la asidi hii, wala mahali dawa yake ilipo, bado haijawa tayari kuitumia. Maonyo yote yaandikwe kwa Kiswahili, na kila atakayeingia katika chumba hicho aoneshe kwa vitendo kwamba ameyafahamu.

Twajua yapo maneno yatakayosemwa dhidi yetu. Watasema baadhi ya wakuu kwamba maabara ni ndogo na fedha ni chache. Nasi twajibu kwamba maabara isiyoweza kununua jeli na aproni haina uwezo wa kununua asidi hii. Watasema wengine kwamba tukiweka masharti mengi tutachelewa katika mashindano ya dunia ya kinywe. Wanaosema hivyo na wakumbuke historia ya Nachingwea. Waingereza walifika na matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, wakamwaga mamilioni ya paundi, kabla ya kuchunguza vya kutosha udongo na mvua ya nchi waliyoikusudia kuilima. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Walikuwa na haraka, na vyombo walivyo navyo vilikuwa vingi. Walichoacha nyuma ni maarifa.

Yafaa pia watafiti wetu wajiulize swali la mwanzo kabisa: je, asidi hii yahitajika kweli? Kama kinywe chetu chaweza kusafishwa kwa njia nyingine, vijana wetu wa vyuo vikuu wapewe nafasi ya kuichunguza njia hiyo. Maana kikijengwa kiwanda, hatari haitabaki ndani ya kuta nne. Tarehe 27 Septemba, mwaka 2012, katika mji wa Gumi huko Korea ya Kusini, asidi hii ilivuja kutoka kiwandani. Watu 5 walikufa, maelfu wakatibiwa, na mazao ya wakulima wa vijiji vya jirani yakanyauka mashambani. Mwenye mikorosho na asikie.

Sheria tunazo. Iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ya mwaka huo huo ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani. Iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Uko Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia, na ambao unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa. Lakini fidia haimrudishii mtu mguu, na haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama fedha iliyofukiwa chini ya mti uliosahauliwa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi ya wafanyakazi, na wanachama wote walio katika maabara, vyuo na migodi, wasingoje mkaguzi afike. Waulize wenyewe maneno manne. Dawa iko wapi? Tarehe yake ni lini? Nani amefundishwa kuitumia? Hospitali imekwisha kuarifiwa? Majibu yakipatikana yote manne, kazi na iendelee, na tuwapongeze wanaoiongoza. Likikosekana hata moja, chupa na ikae imefungwa mpaka lipatikane. Kuuliza hivyo si uasi wala si woga, na mkuu mwema hatachukia kuulizwa.

Siku moja, twaamini, kijana wa Mkotokuyana ataingia katika maabara ya nchi yake akiwa mkemia, na mbele yake litakuwa jiwe lililotoka katika vilima vya kwao. Twataka alipime, alisafishe, alijue thamani yake, na jioni arudi nyumbani akiwa na mikono yake miwili. Baba yake alimpa panga baada ya kumwonesha upande unaokata. Na taifa lisimpe asidi hii kabla ya kumwonesha dawa yake.